Mji Ulioamriwa Kuhama

Machi 4, 1753, Jumapili

Karatasi hizi zilibaki baada ya kunakili nyimbo za Pasaka, na Padre Leonardo amenipa. "Andika chochote, Crisanto," alisema, "mkono usije ukasahau." Basi naandika.

Leo baada ya misa hakuturuhusu kutoka. Alisimama mbele ya altare, akatusemesha kwa Kiguarani chake kizuri, ambacho miaka ishirini haijakiondolea lafudhi ya kwao Tiroli. Alisema mfalme wa Hispania na mfalme wa Ureno wamebadilishana ardhi. Upande wetu huu wa mto Uruguay, mji wetu wa Santa Úrsula ukiwemo, sasa ni wa Wareno. Sisi tuvuke mto, tukatafute mahali, tujenge upya. Ng'ombe na vitu vya kubebeka ni vyetu. Nyumba, kanisa, mashamba ya pamba na miti ya mate, ile ya majani tunayokunywa kama chai, ni vyao.

Watu hawakupiga kelele. Nadhani kila mtu alihisi hakusikia vizuri. Mama mkwe wangu, Petronila, ndiye aliyeuliza, kutoka upande wa wanawake.

"Wareno gani hao? Wale waliomfunga babu yangu minyororo wakaenda kumuuza?"

"Ndio hao, mama," Padre alijibu.

"Na mfalme wetu anajua?"

"Mfalme mwenyewe ndiye aliyetia sahihi."

"Basi hajaambiwa ni wale."

Wengine walicheka kidogo, kisha wakaacha. Jioni nilizungukia wagonjwa kama kawaida, kwani ndiyo kazi yangu, na fimbo ya msalaba ya waganga wa mji mkononi. Homa mbili, jino moja, mguu wa fundi seremala unaendelea vizuri. Wote waliniuliza kama tutahama kweli.

Machi 7

Jumatano ya Majivu. Pamba imefunguka shamba zima. Hakuna aliyekwenda kuchuma.

Machi 9

Padre ameamuru ichumwe. Imechumwa.

Machi 15

Shemeji yangu Valeriano, kaka wa mke wangu na mkuu wa baraza la mji, amerudi kutoka ng'ambo. Alitumwa pamoja na wapanda farasi sita kukagua ardhi tuliyopewa. Alifikia kwangu kabla hajaenda kwa Padre, akaketi mlangoni akavua viatu. Mke wangu Escolástica akampa kibuyu cha mate.

"Vipi huko?" nikamuuliza.

"Kuzuri. Vyura wamenona."

"Sema vizuri, kaka," Escolástica alisema.

"Nasema vizuri. Ni kinamasi. Palipo pakavu pana ng'ombe wa mji mwingine, na wenyewe wametutokea na mikuki. Wakristo wenzetu hao, wanasali sala hizihizi. Wakauliza tunataka nini. Nikawaambia mfalme ametupa hapa. Wakasema, mfalme huyo si anajua kugawa!"

Akanywa, akarudisha kibuyu. Nilimwambia amweleze Padre hivyohivyo, ila mzaha auache mlangoni.

Machi 18, Jumapili

Valeriano hakuuacha mzaha mlangoni. Mbele ya wajumbe wote alimwambia Padre kwamba amri ile ni ya uongo, imetungwa na Wareno, na kwamba padre anayeisoma kanisani ama kadanganywa ama kalipwa.

Adhabu ilitolewa uwanjani baada ya misa. Viboko ishirini na vitano, ndicho kiwango cha mwanamume. Aliyepiga ni mjumbe mwenzake. Padre alisimama kando, kofia mkononi, kama anavyosimama siku zote. Kwa desturi, ukishapigwa unaubusu mkono wa Padre na kumshukuru kwa kukurudi kama baba. Valeriano aliinuka, akafunga mkanda wake, akapita mbele ya mkono ule uliokuwa umenyooshwa, akaja zake kwangu nimtibu. Sijawahi kuona jambo hilo.

Nilimsafisha kwa maji ya magome, nikampaka mafuta.

"Polepole, shemeji. Hiyo ni ngozi, si mlango wa sakristia."

"Kwa nini hukuubusu?"

"Midomo ilikuwa inauma."

Mama mkwe aliketi pembeni akisokota pamba, hakumtazama mwanawe hata mara moja. Uzi wake ulikatika mara nyingi.

Machi 26

Mvua.

Machi 27

Mvua. Padre amekuja kuwaona wagonjwa pamoja nami, jambo ambalo hulifanya akiwa na dhiki. Alimlisha uji mwanamke wa mwisho kwa mkono wake, kijiko kwa kijiko. Hajauliza habari za mgongo wa Valeriano. Nami sikumwambia.

Aprili 2

Pamba yote imeingia ghalani. Kila mtu anajua kwamba muhogo ulioko shambani ungepandwa upya mwezi wa nane, na kwamba hatutakuwepo. Hakuna anayelisema.

Aprili 22, Pasaka

Waimbaji waliimba vizuri kupita miaka yote. Fidla ya tatu tu ndiyo ilikuwa chini kidogo.

Baada ya baraka Padre alishuka altareni bila viatu. Alikuwa amejivika kamba shingoni. Akapiga magoti mbele yetu, sisi tuliozoea kupiga magoti mbele yake, akalia. Alisema wakubwa wa Shirika lake wamemwamuru atuhamishe, na kwamba tukikataa majeshi ya wafalme wawili yatakuja, na kwamba hawezi kututazama tukifa kwa mizinga. "Wanangu," alisema, "nihurumieni mimi kama hamjihurumii wenyewe."

Nimemwona akizika mamia wakati wa surua bila kutoa chozi. Wanawake walianza, kisha wanaume. Baraza likakutana palepale kwenye kibaraza cha kanisa na likakubali kuhama. Hata Valeriano alinyanyua mkono, ingawa alikuwa wa mwisho.

Nyumbani mama mkwe alisema, "Afadhali angetupiga wote. Kiboko ningekikatalia."

Mei 3

Tumeondoka. Familia zaidi ya mia mbili, mikokoteni ya maksai, ng'ombe mbele. Tumebeba kengele ndogo, sanamu ya Santa Úrsula, fidla, mbegu. Mama mkwe alifagia nyumba kabla ya kutoka.

"Unawafagilia Wareno?" nikamwuliza.

"Nafagia kwangu."

Mei 5

Mvua. Tumesogea kidogo tu.

Mei 6

Mvua. Mkokoteni wa mbegu umepinduka kijitoni.

Mei 8

Baridi ya kusini imeingia. Wazee wawili wamekufa usingizini. Padre amewazika kando ya njia, akaweka msalaba wa miti kwa kila mmoja. Anatembea kwa miguu na mtu aliyechoka amempandisha nyumbu wake. Mchana alibeba mtoto wa watu begani hadi mtoto akamkojolea. Alicheka, nasi tukacheka. Leo tumekwenda vizuri.

Mei 11

Leo naandika kirefu.

Asubuhi mke wa mchungaji mmoja wa ng'ombe aliniita kwenye mkokoteni wake. Bintiye alikuwa na homa tangu juzi, nami nilidhani ni ya mvua. Nilimfunua. Vipele vilikuwa usoni, mikononi, hata viganjani na kwenye nyayo. Vigumu ukivigusa, kama punje za mtama chini ya ngozi. Sikuhitaji kufikiri. Niliugua ndui nikiwa na umri wake, uso wangu ni wa mashimo hadi leo, na ndiyo maana nilipewa kazi hii. Nikamwuliza mama yake kama kuna mwingine. Akataja wawili, mkokoteni wa nyuma. Nikaenda, nikawaona.

Nilimkuta Padre akikaza kamba za tandiko.

"Padre, ni ndui."

Aliendelea kukaza kamba. "Una hakika?"

"Ninayo usoni, Padre."

Akaniangalia uso kana kwamba ndiyo kwanza anauona. Kisha akanivuta kando.

"Tumebakiza siku mbili kufika mtoni," alisema. "Padre mwenzangu aliyetumwa kusimamia uhamisho anatungoja hapo na mashua. Ng'ambo kuna vibanda, tutawatenga wagonjwa. Nyamaza siku mbili. Sema ni surua."

"Siku mbili watoto wamelala wamebanana mkokotenini. Tukisimama hapa leo, tukawatenga leo, wengi watapona."

"Tukisimama hapa watajua. Wakijua watarudi. Wakirudi, jeshi litakuja. Umehesabu watakaokufa kwa jeshi?"

"Sijahesabu. Nimewaona hawa watatu."

"Crisanto, nimeapa utii. Hujui hicho ni kitu gani."

"Najua, Padre. Nimekutii tangu nilipokuwa kijana."

Aliweka mkono begani pangu. Nikaona kwamba hanidanganyi. Aliamini kila neno alilosema. Zamani hilo lingenitosha.

Nikaenda hadi mbele ya msafara alikokuwa Valeriano, nikamwambia.

"Padre amesemaje?" aliuliza.

"Amesema ninyamaze."

"Na wewe?"

"Nimekuja kwako."

Shemeji yangu ana mzaha kwa kila jambo. Safari hii hakuwa nao. Alishuka farasi, akavua kofia, akaketi chini kwenye matope.

"Mtoto wangu mdogo," alisema, "jana kalala mkokoteni ule wa nyuma."

Mei 12

Tumewatenga wagonjwa tisa. Baraza liliketi asubuhi, na halikuchukua muda. Tunarudi nyumbani, kwa sababu nyumbani kuna hospitali, kuna paa, kuna kuni, na muhogo bado uko ardhini. Valeriano alitangaza mwenyewe. Hakumtaja Padre vibaya. Alisema tu, "Geuzeni maksai."

Padre alikwenda akasimama katikati ya njia, ameinua msalaba wa misa. Alisema kwa jina la Mungu na la mfalme tusipite. Njia pale ni pana, uwanda mtupu kila upande. Mkokoteni wa kwanza ulimfikia, dereva akapinda kidogo kulia, akamzunguka. Alipokuwa sawa naye akavua kofia.

"Tubariki, Padre."

Padre akambariki. Sidhani alikusudia, mkono ulikwenda wenyewe. Wa pili akapita kushoto. "Tubariki, Padre." Akabariki. Wote walipita hivyo, hata watoto walioketi juu ya magunia, na kila aliyemwasi alimwomba baraka na kila mmoja akaipata. Mwishoni aliushika mkono wa kulia kwa wa kushoto ili uinuke.

Mkokoteni wetu ulikuwa kati ya mikokoteni ya mwisho. Mama mkwe alimwambia Escolástica asimamishe.

"Panda, Padre. Miguu yako mibovu."

"Siwezi, mama. Mimi naelekea mtoni."

"Mtoni utambatiza nani?"

Akatikisa kichwa. Mama mkwe akangoja, akaona hapandi, akamvulia shali yake ya pamba, akamtupia begani. "Basi usife kwa baridi. Utatutia aibu."

Alikwenda upande wake na nyumbu wake. Sisi tulikwenda upande wetu. Binti wa mchungaji alikufa mchana.

Mei 19

Tumefika. Nyumba ni kama tulivyoiacha, safi.

Mei 20

Hospitali imejaa. Siandiki.

Mei 30

Mtoto wa Valeriano amepona. Ana uso kama wangu. Valeriano anasema sasa tunafanana kama ukoo mmoja.

Juni 2

Padre amerudi. Peke yake, shali ya mama mkwe shingoni, amekonda. Watu walikimbilia lango wakidhani amekuja kukaa. Alisimama kibarazani akatuambia alichoamriwa. Mji wowote unaokataa kuhama usipewe sakramenti yoyote: hakuna misa, hakuna kitubio, hakuna mazishi ya kipadre. Amekuja kuchukua vyombo vitakatifu, kufunga kanisa, na kuondoka kesho.

"Watu wanakufa, Padre," nilisema mbele ya wote.

"Naona, Crisanto."

"Watakufa bila kuungama?"

"Nimeamriwa."

Valeriano aliwaambia vijana wamchukue nyumbu. "Padre hatoki," alisema. "Kama wakubwa wake wanamtaka, waje wamchukue wenyewe. Mkate wake apewe, maji yake apewe, mlango ulindwe."

Mimi ndiye nimepewa kazi ya kumpelekea chakula.

Juni 10

Ananishukuru kila ninapoingia. Naweka sahani, natoka. Anatembea bustanini kutoka ukuta hadi ukuta. Kupitia dirisha lake anaona tunavyopita na majeneza, nasi tunamwona anavyoona.

Nawazika mwenyewe. Nasoma sala nilizofundishwa naye.

Juni 17

Wapima ardhi wa wafalme wawili wamefika kwenye malisho yetu ya kusini, na minyororo ya kupimia na askari hamsini. Valeriano alikwenda na wapanda farasi mia tatu. Hakuna risasi iliyopigwa. Afisa wao alisema ana hati ya mfalme. Valeriano akamwambia kuna vitu mfalme anaweza kutoa na kuna vingine haviko kwake. Afisa akasema atarudi na mizinga. Valeriano akamwambia njia anaijua.

Hivyo ndivyo alivyotusimulia uwanjani, watu wakashangilia. Baadaye alikuja kwangu akaniuliza, bila mzaha, mzinga hupiga hadi umbali gani.

Juni 24, Mtakatifu Yohane

Umande ulioganda alfajiri umeunguza muhogo. Hatukuwasha moto wa sikukuu.

Juni 29

Mama mkwe ana homa.

Julai 1

Ni ndui. Escolástica hakuniuliza, alinitazama tu nilivyokuwa nakikagua kiganja cha mama yake.

Julai 4

Mama mkwe ameniambia nimwite Padre aje amwungamishe. Nilikwenda. Mlinzi alinifungulia. Padre alikuwa amepiga magoti, akainuka kwa kushika meza.

"Petronila anakuita."

Alifumba macho. "Anaumwa sana?"

"Atakufa."

Nje mtu alikuwa akipasua kuni.

"Siwezi," alisema.

Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, na nilimchukia. Lakini nilipofika mlangoni niliona kitanda chake hakijalaliwa na chakula cha siku tatu kiko palepale nilipokiweka. Sikujua nifanye nini na jambo hilo. Bado sijui.

Mama mkwe nilimwambia ukweli. Hakukasirika.

"Mwambie sina dhambi mpya," alisema. "Zile za zamani anazijua."

Julai 6

Amefariki asubuhi. Escolástica alimwosha mwenyewe, hakutaka mtu.

Mchana nilikwenda makaburini kuchimba. Valeriano alikuwa ameshaanza. Ardhi ilikuwa ngumu kwa baridi na jembe lilikuwa likiruka. Nikasikia watu wamenyamaza nyuma yetu. Padre alikuwa anakuja kutoka kwake, na mlinzi nyuma yake hajui la kufanya. Hakuvaa kanzu. Alivaa suruali na fulana ya pamba kama sisi, sikuwahi kumwona hivyo, mikono yake ni myembamba na myeupe kama mizizi. Hakuwa na stola ya kipadre shingoni wala kitabu cha sala. Alikuwa na jembe la bustanini.

Valeriano alisimama wima. "Unataka nini hapa?"

"Nimekatazwa kuzika kama padre," alisema. "Kuchimba hawakukutaja."

Mimi nilidhani shemeji atamfukuza, na sijui kama ningemzuia. Akamtazama toka kichwani hadi miguuni.

"Anza upande ule," akasema. "Kuna mawe."

Tulichimba watu watatu, tukipokezana. Padre hachimbi vizuri. Viganja vyake vilipasuka mapema na mpini ukawa na damu, hakuacha. Shimo lilipotosha tukamshusha mama. Watu wakangoja. Ilikuwa zamu ya sala, na wote walikuwa wakimtazama yeye.

Padre alirudi nyuma, akaenda kusimama kati ya watu, karibu na watoto. Akainamisha kichwa.

Basi nilisoma mimi. Nilipofika mahali ambapo watu huitikia, nilisikia sauti moja mbele ya zote, ile ya lafudhi ya Tiroli, ikisema amina.

Julai 8, Jumapili

Baada ya kengele Valeriano alimpelekea Padre nyumbu, ametandikwa. Nilikuwepo. Mlinzi aliondolewa.

"Mama alikupenda," Valeriano alisema. "Nenda kwa wakubwa wako. Hatukushiki tena."

Padre alisimama kizingitini. Aliangalia nyumbu, akaangalia uwanja. Viganja vyake nimevifunga kitambaa tangu juzi.

"Mlango ukiwa wazi," alisema, "lazima niende. Nimeamriwa niondoke nikiweza kuondoka."

"Si ndiyo nasema uende?"

"Nasikia." Akaugusa mlango. "Na ukiwa umefungwa, siwezi."

Valeriano alinigeukia. Mimi nilielewa kabla yake, nadhani. Kisha naye akaelewa, nikaona uso wake ukihangaika kati ya kicheko na kitu kingine.

"Padre," alisema polepole, "unataka tukufunge?"

"Siwezi kuomba kitu kama hicho, mwanangu."

"Hapana, huwezi."

"Siwezi kabisa."

Valeriano akatoa tandiko mgongoni mwa nyumbu na kulitupa chini. Akamwita mlinzi kwa sauti kubwa, uwanja mzima usikie, kwamba Padre Leonardo ni mfungwa wa baraza la Santa Úrsula, haruhusiwi kutoka langoni kwa hali yoyote, na atakayemwachia atapata viboko ishirini na vitano. Padre akainamisha kichwa akarudi ndani.

Nami nikavuta mlango, nikaweka komeo kwa nje. Kabla sijaondoka nikasikia anabisha, mara moja, taratibu. Nikasogeza sikio.

"Crisanto," alisema kupitia ubao, "kesho uniletee wale wanaohitaji kulishwa kwa kijiko. Hilo nalo hawakulitaja."